Undugu Si Mshahara

Labani, pamoja na ujanja wake wote, alianza vizuri. Yakobo alipokuwa amekaa kwake mwezi mzima, Labani alimwambia wazi kwamba udugu wao si sababu ya kumtumikisha bure, akamtaka ataje ujira wake (Mwanzo 29:15). Habari hiyo tunaifahamu tangu Shule ya Jumapili. Lakini katika maduka yetu, saluni zetu, migahawa, mashine za kusaga, famasi na shule zetu za binafsi, swali la Labani halijaulizwa bado. Yupo kijana aliyekaa nasi si mwezi mmoja, ni mwaka wa nne, na hakuna siku tuliyomwita tukamwambia: keti, taja ujira wako.

Tunaandika haya kama washarika wenye biashara, na tunawaandikia washarika wenye biashara. Hatuzungumzii makampuni makubwa yenye ofisi ya utumishi. Tunazungumzia biashara ya baba, mama na watoto, ambayo mtaji wake ulitoka kwenye mafao ya kustaafu au kwenye kikoba, na ambayo jioni hesabu yake hufungwa sebuleni. Biashara za namna hiyo ndizo zinazosomesha watoto wetu, na ndizo zilizoezeka makanisa yetu mengi. Humo ndimo pia dhambi moja imejificha kwa muda mrefu, kwa sababu imevaa nguo nzuri inayoitwa undugu.

Tuanze na dhambi yetu wenyewe, maana si haki kunyooshea wengine kidole huku tumeficha cha kwetu.

Tuna duka la vifaa vya ujenzi: saruji, bati, misumari, nondo, rangi. Mtoto wa dada yetu alipomaliza kidato cha nne tulimleta mjini. Tulimwahidi mama yake kwamba kijana atatusaidia dukani kidogo, na mwakani tutampeleka VETA akasomee umeme. Mwakani ilikuja, ikapita. Ikaja nyingine. Zikawa sita. Alifungua duka saa 1 asubuhi na kulifunga saa 2 usiku, siku sita kwa wiki, na Jumapili baada ya ibada alifungua nusu siku kwa sababu mafundi hununua vitu Jumapili. Alikula kwetu, alilala kwetu, na kila tulipojisikia tulimpa hela ya vocha na nguo za Krismasi. Siku moja aliuliza habari za VETA. Tulimjibu kwa swali: kwani hapa unakosa nini?

Kisha droo ikapungua shilingi 180,000. Hatukumwuliza mtu mwingine yeyote. Tulimwita yeye, tukalifungua begi lake mbele ya wateja wawili na mbele ya watoto wetu. Hatukukuta kitu. Wiki moja baadaye mwanetu wa kwanza alikiri mwenyewe kwamba alizichukua. Mwanetu tulimkanya chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mpwa wetu hatukumwomba radhi.

Asubuhi moja aliacha funguo kwa jirani, akaondoka. Tulipofungua daftari lake la mauzo tulikuta limekamilika hadi shilingi ya mwisho ya jana yake. Tulipompigia dada yetu simu kumlalamikia, alinyamaza kwanza, halafu akasema: “Mimi miaka yote sita nimewaambia watu huku kwamba mwanangu ameajiriwa mjini.” Hakutukana. Alisema hilo tu. Nasi hatukuwa na jibu, kwa sababu tulijua kwamba hakuwa ameajiriwa. Alikuwa ametumikishwa.

Tangu siku hiyo tumezisikiliza kwa sikio jingine sababu ambazo sisi wenye biashara hujitetea nazo. Tuzichukue moja moja.

Ya kwanza: “Tunamlisha, tunamvisha, analala bure.” Ndiyo, na Yakobo naye alikula kwa Labani. Chakula ni haki ya kila aliye chini ya dari yako, awe anafanya kazi au ni mgonjwa kitandani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ukishampa jembe mavuno yote ni yako. Ng'ombe anayepura nafaka Mungu alikataza afungwe kinywa (Kumbukumbu la Torati 25:4), na Paulo, akimwandikia Timotheo, aliliunganisha neno hilo moja kwa moja na ujira wa mtenda kazi (1 Timotheo 5:18). Mtu anayepewa chakula bila ujira hawezi kutuma hata shilingi elfu kumi kwa mama yake mgonjwa bila kuja kuomba. Hawezi kuoa. Hawezi kutoa sadaka iliyo yake. Ana umri wa miaka ishirini na tano na bado ni mtoto wa kuomba, na sisi ndio tuliomfanya hivyo.

Ya pili: “Hela yake tunamtunzia.” Imeandikwa wapi? Wafanyabiashara tuna msemo tunaowakariri wauzaji wetu kila siku: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunao kwa ajili ya misumari, hatuna kwa ajili ya jasho la mtu. Torati ilitaka kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijazama, kwa sababu maisha yake yanautegemea ujira huo (Kumbukumbu la Torati 24:14-15). Jua limezama mara ngapi juu ya hela tunayodai kuitunza?

Ya tatu: “Biashara yenyewe ni ndogo, sheria za kazi ni za makampuni.” Huko ni kujidanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewataja wale ambao haiwahusu: walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Wapwa hawamo katika orodha hiyo. Mtoto wa shemeji hayumo. Sheria hiyo inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, inataka mtu apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na likizo ya uzazi ya siku 84. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne.

Sasa tupige hesabu ya kijana wetu. Kutoka saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku ni saa 13. Tukimtolea saa moja ya kula zinabaki 12. Kwa siku sita ni 72, bila kuigusa Jumapili. Ukitoa 45 unabaki na saa za ziada 27 kwa wiki, yaani 108 kwa wiki nne. Ni zaidi ya mara mbili ya kile ambacho sheria ingeruhusu hata kama tungemlipa, nasi hatukumlipa hata moja. Tulikuwa tukiimba tenzi asubuhi huku tukivunja sheria ya nchi na Amri ya Mungu mchana. Maana amri ya kupumzika haikutolewa kwa mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa na mjakazi, nao wapumzike sawasawa na bwana wao (Kumbukumbu la Torati 5:14). Sisi tulipumzika Jumapili mchana kwa sababu yeye alikuwa dukani.

Ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nayo husemwa kwa uchungu wa kweli: “Mkataba unaua undugu. Ukishaanza kuandikiana na mtoto wa ndugu yako, umemfanya mtu baki.” Tunaielewa hofu hiyo. Wengi wetu tulilelewa katika nyumba ambamo hakuna aliyehesabu sahani, na tunaona fahari juu ya hilo. Lakini mwangalieni Boazi. Alikuwa ndugu wa Elimeleki, na mambo ya undugu huo hakuyamaliza kwa maneno ya uwanjani. Aliyapeleka langoni, akawaketisha wazee kumi wawe mashahidi (Ruthu 4:2). Kuandikiana hakukumpunguzia Ruthu heshima, kulimlinda. Wenye nguvu ndio wasiohitaji maandishi, kwa sababu neno lao ndilo linalosimama siku ya ugomvi. Mnyonge ndiye anayehitaji karatasi. Tukisema karatasi inaua undugu, tujiulize ni undugu wa nani unaokufa: wa yule anayelipwa, au wa yule ambaye sasa atalazimika kulipa?

Wahenga wamesema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kwetu imegeuka: mcheza kwao hucheza bure, na mpita njia ndiye anayetuzwa. Kibarua wa kushusha saruji asiyetujua tunamlipa palepale kwenye roli, kwa kuwa tunajua asipolipwa atapiga kelele barabarani. Mpwa hatapiga kelele. Ana adabu. Tumeifanya adabu yake kuwa mtaji wetu.

Wala tusidhani anayeumia ni ndugu peke yake. Katika biashara ya familia yupo pia mfanyakazi asiye wa ukoo, na huyo ana mabosi watano. Baba anamwambia apange bati, mama anamtuma sokoni, kaka mkubwa anamwita aoshe gari, binti wa nyumbani anamfokea, na mama mkwe aliyekuja kusalimia anauliza kwa nini amekaa. Akimtii mmoja amemkosea mwingine. Kosa likitokea, ukoo unaungana na yeye anabaki peke yake. Kikao kinafanyika mezani kwenye chakula cha usiku, mahali ambapo yeye hawezi kuketi.

Yupo na binti tuliyemtoa kijijini, ambaye alfajiri anawaandaa watoto kwenda shule, mchana yuko mgahawani, usiku anafua. Kazi mbili, na mara nyingi mshahara wa kazi moja au wa nusu. Kuhusu binti huyu tuseme wazi jambo ambalo kanisani hunong'onwa tu. Wapo wanaume wa nyumba, na vijana wa nyumba, wanaomsumbua. Akisema, anaambiwa anataka kuvunja ndoa ya watu. Yosefu alifanya kazi katika nyumba ya Potifa kwa uaminifu, akasingiziwa na mtu wa nyumba ile, na nyumba ikamwamini mwenzao (Mwanzo 39). Boazi alifanya kinyume. Kabla Ruthu hajalalamika, kabla jambo lolote halijatokea, aliwaonya vijana wake wasimguse (Ruthu 2:9). Alilisema mapema, na alilisema kwa watu wake mwenyewe. Ni wangapi kati yetu tumewahi kukaa na wana wetu tukawaonya hivyo?

Hapo ndipo Eli alipoanguka. Wanawe walikuwa katika kazi ileile ya baba yao. Walinyang'anya watu nyama ya sadaka na kuwavunjia heshima wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli aliwasikia, akawakanya kwa mdomo, akawaacha kazini (1 Samweli 2:12-25). Nasi tulipomkanya mwanetu chumbani huku mpwa tumempekua hadharani, tulikuwa Eli. Sheria iliyopo kwa ajili ya mfanyakazi tu, isiyomgusa mtoto wa mwenye duka, haifai kuitwa sheria.

Tunajua kuna atakayesema: mbona hamsemi habari za ndugu wanaotuibia? Tutasema. Wapo. Yupo mpwa anayeuza saruji mfuko mmoja pembeni kila wiki, yupo shemeji anayechukua bidhaa kwa mkopo usioandikwa, yupo mdogo wetu anayefika saa 4 asubuhi kwa sababu hakuna wa kumfukuza. Biashara nyingi zimekufa hivyo, na wizi ni wizi, hata wa mtu asiyelipwa. Gehazi alimkimbilia Naamani akajipatia fedha kwa uongo, na Elisha hakumwambia kwamba si kitu kwa kuwa wanaishi pamoja (2 Wafalme 5:20-27). Lakini tujiulize: utamhukumuje kwa haki mtu ambaye hakuambiwa kazi yake inaanza saa ngapi, analipwa nini, na kipi ni chake na kipi si chake? Pasipo mshahara unaojulikana, kila mmoja hujikatia wa kwake. Mwenye duka hukata kwenye jasho la kijana, na kijana hukata kwenye droo. Maandishi yaleyale yanayomlinda mpwa dhidi yetu ndiyo yanayotulinda sisi dhidi ya mpwa. Na sheria inasema kwamba mwajiri asiyeweza kuonyesha maandishi ya ajira ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha, mgogoro ukifika mbele ya vyombo vya sheria.

Sasa tuligeukie kanisa, kwa upendo lakini bila kuficha. Kila msimu wa ahadi tunasomewa Malaki 3:10, mstari wa zaka na ghala. Tunaukubali. Lakini rudini nyuma mistari mitano tu. Katika Malaki 3:5 Bwana anasema atakuja kuhukumu, na katika orodha ya atakaowashuhudia, pamoja na wachawi na wazinzi, wapo wanaomdhulumu mwajiriwa ujira wake. Ni sura hiyohiyo, na ni nabii huyohuyo. Kwa nini mstari wa kumi umechakaa kwa kufunuliwa na wa tano bado ni mpya?

Tumesimama mbele ya madhabahu tukapigiwa makofi kwa kutoa bati hamsini. Tumenunua kuku kwenye mnada baada ya ibada kwa bei ya mbuzi, watu wakashangilia. Hakuna mzee wa kanisa aliyetuuliza: yule kijana anayekaa dukani kwenu, mnamlipa? Tulitoa sadaka iliyokuwa na mshahara wa mtu ndani yake. Yakobo, ndugu yake Bwana, aliandika kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, nayo humfikia Mungu (Yakobo 5:4). Tunaogopa kwamba Jumapili zile, wakati kwaya inaimba, sauti hiyo ndiyo iliyosikika juu zaidi.

Basi tufanye nini? Si mambo makubwa, na hayahitaji mwanasheria.

Wiki hii, kabla hamjafungua duka Jumatatu, mwite ndugu huyo. Mkalishe. Andikeni pamoja: jina lake, kazi yake, siku aliyoanza, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara, na tarehe ya kulipwa. Mengi ya hayo yanatakiwa na sheria, na yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Msaini nyote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Kama biashara haiwezi kulipa mshahara huo, basi haiwezi kuwa na mfanyakazi huyo. Mrudisheni kwa heshima au mpelekeni shule mliyoahidi.

Mwandikisheni NSSF, ili siku ya uzee wake asije kuomba kwa watoto wenu kama anavyoomba kwenu leo. Mpeni siku yake ya kupumzika na msimpigie simu. Amueni ni nani mmoja anayetoa maagizo dukani, na wengine wote, hata mwenye nyumba, wapitie kwake. Boazi alikuwa na msimamizi juu ya wavunaji, naye alimwuliza huyo kwanza (Ruthu 2:5). Mtoto wenu akitaka hela, naye aandike kwenye daftari lilelile. Na awepo mtu nje ya ukoo, mzee wa kanisa au mama wa jumuiya, ambaye mfanyakazi anaweza kumwendea bila kuomba ruhusa yenu.

Kwa deni la nyuma, lihesabuni. Sisi tulilihesabu mbele ya dada yetu na mzee mmoja wa usharika, na tulilipa kwa awamu kwa miezi kumi na minne. Iliuma. Tuliuza kiwanja. Tuliomba radhi kuhusu lile begi, mbele ya watoto wetu, kwa kuwa lilifunguliwa mbele yao. Kijana hajarudi dukani, wala hatumdai arudi. Anasomea umeme.

Tumalizie kwa Labani, maana habari yake haikuishia kwenye swali lile zuri. Alimtumikisha Yakobo miaka ishirini na, kwa maneno ya Yakobo mwenyewe, akambadilishia mshahara mara kumi (Mwanzo 31:41). Mwishowe Yakobo aliondoka kwa siri na wake zake na watoto, na Labani akamfuata mbio siku saba. Hapo ndipo walipokusanya mawe, wakafanya chungu, na kuwekeana mkataba kwamba hakuna atakayeivuka mipaka ile kumdhuru mwenzake. Mahali hapo paliitwa Mispa, na watu hulitumia jina hilo kama neno la baraka. Lakini waliolitamka siku ile ni baba mkwe na mkwe wasioaminiana tena, walioandikiana kwa sababu hapakubaki kitu kingine cha kuwaunganisha. Mkataba huo ulichelewa miaka ishirini.

Tuandikiane leo, wapendwa, tukiwa bado tunakula sahani moja.